Watoto wa Nani? Wazee wa Uluguru na Dhamana ya Vizazi

Mluguru huzaliwa ndani ya ukoo wa mama yake. Shamba atakalolima, kilima walipozikwa wakubwa wake, jina atakalolirithi siku moja, vyote hufuata upande wa kuukeni. Kwa hiyo mwanamume mzee wa zamani katika milima hii, alipowatazama vijana na kuwaza nani atapokea alichokishika, hakuanza na watoto aliowazaa. Alianza na wapwa zake, watoto wa dada zake. Watoto wake mwenyewe walikuwa na mjomba wao, pengine ng'ambo ya kijito, na huyo ndiye aliyekuwa akiwatunzia ardhi.

Nimeanza hapa kwa sababu tunapozungumza juu ya wazee kuwajali vijana, mara nyingi tunazungumza kana kwamba ni suala la moyo peke yake: mzee ana upendo au hana. Wazee wa Uluguru hawakupungukiwa upendo. Lililowasumbua, na lililobadilika kizazi hadi kizazi, ni suala la vijana gani. Nani anayehesabiwa kuwa mtoto wetu, ambaye kwa ajili yake inafaa kuendelea kuamka alfajiri hata miguu ikiwa imechoka? Kwa takriban miaka mia mbili jibu limekuwa likipanuka, mara kwa hiari, mara kwa kulazimishwa na njaa, vita, shule, au vifo.

Koo za Waluguru ni hamsini hivi, na kila ukoo umegawanyika katika matawi yenye ardhi yake. Mkuu wa tawi, ambaye watu wa huko humwita mndewa, hakuwa na ruhusa ya kuiuza. Kazi yake ilikuwa kugawa: kumpa binti aliyeolewa pa kulima, kumpokea mgeni aliyeomba kipande na kutoa malipo madogo ya heshima, kuamua migogoro ya mipaka, kutambika makaburini mvua ilipochelewa. Ardhi ilikuwa ya waliokufa na ya watakaozaliwa, yeye alikuwa katikati tu. Ndiyo maana uzee milimani ulikuwa na kazi maalumu. Kijana mwenye nguvu aliweza kulima kumshinda mzee, lakini hakuweza kusema mpaka wa tawi unapita kwenye mti gani, wala nani alipewa nini na babu wa nani.

Mrithi alichukua na jina. Kingalu wa Kinole, mtu wa mvua aliyejulikana mbali nje ya milima, alipofariki, aliyekalia nafasi yake naye akawa Kingalu, akabeba makaburi, madeni na udugu wa mtangulizi wake, na mlolongo huo haujakatika hadi leo. Soko kuu la mji wa Morogoro linaitwa Soko la Chifu Kingalu. Tufikirie maana yake kwa mtu wa miaka sabini: kuna kijana ukooni, mtoto wa dada yake, ambaye atakuwa yeye. Hana budi kumwandaa. Akimwacha bila kumfundisha, anajiharibia jina atakaloendelea kuitwa akiwa ameshafukiwa.

Kazi ya wanawake wazee ilikuwa nzito zaidi, ingawa vitabu vimeiandika kidogo. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, na kukaa huko kungeweza kuchukua miezi mingi. Bibi na shangazi ndio waliomfunda mambo ambayo mama mzazi, kwa aibu ya heshima, hakuweza kuyatamka. Siku ya kutolewa nje ilikuwa ya ngoma, na sehemu ya sifa ilikuwa ya wale waliomfunda. Babu na bibi walikuwa pia watani wa wajukuu zao. Babu humwita mjukuu wa kike mke wangu, mjukuu humcheka babu kwa meno yaliyong'oka, na hakuna anayekasirika. Mtoto anayemwogopa baba na kumnyenyekea mjomba humweleza bibi siri zake. Mtu mzima aliyehitaji kujua kijana wake ana shida gani aliweza kwenda kwa mzee, akapewa habari bila kijana kusalitiwa.

Karne ya kumi na tisa iliutikisa mpango huu kutoka chini, kwenye bonde. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara ilipita miguuni mwa milima, na pamoja na pembe za ndovu ilibeba watu. Kukaa juu kwenye miteremko mikali kukawa na faida mpya, kwani wavamizi waliosaka watumwa hawakupenda kupanda. Kule chini Kisabengo, Mzigua aliyewakusanya watu waliotoroka na waliong'olewa makwao, alijenga mji wenye ngome ya mawe. Alipokufa, mji ulishikwa na binti yake, Simbamwene. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akastaajabia kuta na minara yake. Aliporudi mwaka uliofuata, baada ya dhoruba kubwa ya Aprili 1872 iliyoipiga pia Zanzibar, mafuriko yalikuwa yameshaibomoa sehemu kubwa ya ngome ile.

Mji wa Kisabengo ndio mwanzo wa Morogoro, na kinachonivutia ndani yake si kuta. Ni kwamba ulikuwa mji wa watu waliopotezana na wajomba zao. Mtoto aliyezaliwa na mama aliyetekwa mbali hakuwa na tawi la ukoo jirani, hakuwa na mndewa wa kumgawia shamba. Wakubwa wa mahali kama hapo walilazimika kulea watoto ambao kwa sheria ya milimani hawakuwa wao.

Baadaye wamisionari nao walijenga juu ya msingi huohuo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kuanza kwa kuwalea watoto waliokombolewa utumwani, walipanda hadi Morogoro miaka ya 1880 na kufungua misheni ya Matombo, mashariki mwa milima, mwaka 1897. Shule zao zilileta aina ya ujuzi ambayo mzee hakuwa nayo. Kijana wa miaka kumi na mitano aliyesoma barua ya serikali mbele ya mjomba wake wa miaka sitini aligeuza mpangilio wa nani anamweleza nani dunia ilivyo. Mapadre walipigana pia na unyago na jando, na wazee wakawa na mwalimu mshindani wa moja kwa moja, anayetaka mtoto yuleyule, katika umri uleule. Ugomvi huo haukuisha kwa upande mmoja kushinda. Ngoma zingine zilifupishwa, zingine zikafichwa, na walimu wa dini wengi walikuwa wenyewe wapwa wa wandewa.

Kodi ya Wajerumani iliyoanza mwaka 1898 ilidai fedha taslimu, na fedha zilikuwa kwenye mashamba ya mkonge na kwenye ujenzi wa reli. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Tangu siku ile kijana aliyekosana na mjomba wake alikuwa na pa kukimbilia. Kisha ikaja vita. Agosti 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jan Smuts yaliingia Morogoro, na kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akarudi nyuma kupitia milimani. Majeshi yote mawili yalihitaji wapagazi na chakula, na yote yalivipata hapa, kwa nguvu. Waliobaki vijijini kulima na kulea walikuwa wanawake, watoto, na wale ambao hawakuweza kubeba mzigo. Sura hiyo, ya wazee kubaki na watoto wakati kizazi cha kati kimechukuliwa, ingerudi tena kabla karne haijaisha.

Waingereza walipoamua kutawala kupitia wenyeji katika miaka ya 1920, walimtafuta chifu mkubwa mahali ambapo mamlaka yalikuwa yamesambaa kwa mamia ya matawi. Hatimaye Uluguru yote iliwekwa chini ya sultani mmoja, Sabu bin Sabu, na wandewa kadhaa wakageuzwa maofisa wadogo wa serikali. Kwa mawazo yangu hili liliudhuru uzee wa Kiluguru kuliko shule na reli kwa pamoja. Mtu ambaye jana aliulizwa na wapwa zake kuhusu mipaka ya shamba, leo alitumwa kuwakusanyia kodi na kuwapeleka barazani waliokataa amri. Heshima aliyopewa kwa sababu ya waliokufa na watakaozaliwa ilianza kutumika kwa kazi za ofisi ya wilaya.

Gharama yake ilionekana mwaka 1955. Miaka ya mwisho ya 1940 maofisa wa kilimo walikuwa na hofu, na hofu hiyo haikuwa ya bure: watu walikuwa wameongezeka, miteremko ilikuwa inalimwa bila kupumzishwa, udongo ulikuwa unateremka na maji kwenda Ruvu. Mwanzoni mwa muongo uliofuata wakaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Uchomaji wa mashamba ulipigwa marufuku, kulima kandokando ya mito pia, na kila kaya ikatakiwa kuchonga matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kwa upande wa mashariki, kuzunguka Matombo, ngazi hizo zilifukia udongo wa juu wenye rutuba na kufunua udongo mwekundu wa chini. Mpunga wa mlimani na mahindi havikuota vizuri. Watu walifanya kazi ngumu kwa amri, na mavuno yakapungua.

Lakini njaa peke yake haielezi hasira ile. Wazee walijiuliza kazi hii ni ya nani. Mtu anayechonga ardhi kwa amri ya serikali, akitozwa faini asipochonga, kesho ataambiwa ardhi ni ya nani? Habari za Wameru waliofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi zilikuwa zimeshasambaa nchi nzima. Mndewa aliyekubali matuta alihofu kuonekana amekabidhi kwa Mzungu kitu ambacho hakikuwa chake, kilichokuwa cha watoto ambao hawajazaliwa. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu wazee wa koo na vijana wa shule walijikuta upande mmoja, na TANU, chama kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kikawapa lugha ya pamoja. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, ukawakabili maofisa, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Mpango ukaachwa.

Upande wa magharibi wa milima hiyohiyo, Mgeta, mambo yalikwenda vingine. Huko watu walikuwa na mbinu yao ya kale ya kulima kwa ngazi ndogondogo, hali ya hewa ni ya baridi, na soko la mboga la Dar es Salaam lilikuwa limeshawafikia kwa kabichi, viazi na matunda ya nchi za baridi. Matuta yaliyoweza kumwagiliwa maji yaliongeza kipato, na watu wakayatunza. Mvulana wa Mgeta aliona baba yake akichonga ngazi na muda si mrefu akaona fedha. Palepale, kimyakimya, umiliki nao ulianza kuhama. Baba aliyejenga tuta kwa mikono yake alitaka limwendee mwanawe, si mpwa wake. Miti ya matunda ilileta tatizo lilelile: ardhi ni ya tawi, mti ni wa aliyepanda. Baadhi ya wakuu wa koo waliwakataza watu kupanda miti ya kudumu wakijua kwamba mti hufunga shamba. Nani basi anayestahili jasho la mzee, aliyezaliwa na dada yake au aliyezaliwa na mkewe? Familia nyingi milimani bado zinalijadili jambo hilo kwenye matanga.

Uhuru ulikuja, na mwaka 1963 serikali ikafuta vyeo vya machifu. Kingalu alibaki na mvua yake lakini hakuwa tena na muhuri. Chuo kilichofunguliwa Mzumbe mwaka 1953 kuwafundisha machifu na makarani wa serikali za mitaa kikaanza kuwafundisha vijana wa taifa jipya. Mwaka 1970 Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na chini ya miembe na kwenye madarasa ya jioni wazee waliketi mbele ya walimu wenye umri wa wajukuu wao kujifunza kuandika majina yao. Mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kufikia 1975 walikuwa wamepungua hadi karibu wawili kati ya watano. Mara nyingi jambo hili husimuliwa kama ushindi wa serikali. Ulikuwa pia ushindi wa unyenyekevu wa wazee, waliokubali kusahihishwa na mtoto hadharani.

Wakati huohuo Morogoro ilikuwa inajifunza kuwajali vijana ambao hawakuwa Watanzania. Makao ya nje ya chama cha ANC cha Afrika Kusini yalikuwa hapa, na mwanzoni mwa 1969 chama hicho kilikuwa katika hali mbaya. Chris Hani, akiwa na miaka 26, pamoja na wenzake sita waliotoka kupigana Rhodesia, waliandika waraka mkali wakiwashutumu viongozi wao kwa kukaa raha uhamishoni na kuwasahau wapiganaji. Wapo wakubwa waliotaka vijana hao waadhibiwe vikali. Badala yake mkutano uliitishwa Morogoro, kuanzia Aprili 25 hadi Mei 1, 1969. Oliver Tambo, aliyekuwa na miaka 51, alijiuzulu mbele ya wajumbe, nao wakamrudisha. Baada ya hapo uongozi ulipangwa upya, na Hani, aliyekuwa amesimamishwa, akarejeshwa. Sijui mfano mwingine katika historia ya vyama vya ukombozi ambapo kelele ya vijana ilisikilizwa na wakubwa kwa namna hiyo, wakubwa hao wakiwa na silaha, pasipoti na fedha zote mikononi mwao.

Uamuzi huo ulipimwa miaka saba baadaye. Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya Juni 1976, maelfu ya vijana walivuka mipaka, wengi wao hawajamaliza sekondari, wengine wakitaka bunduki siku hiyohiyo. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliipa ANC shamba la mkonge lililoachwa, Mazimbu, kilomita chache kutoka mjini Morogoro. Mkonge ulikuwa umesongwa na magugu, majengo yalikuwa magofu. Wahamishwa walijenga nyumba, madarasa, hospitali, shamba la mifugo, na karakana ya samani iliyopewa jina la Vuyisile Mini, aliyenyongwa mwaka 1964. Kwa watoto wachanga na mama zao, wengi wao wasichana wenyewe, kilijengwa kituo kilichoitwa kwa jina la Charlotte Maxeke. Watoto waliozaliwa hapo walilelewa na watu wazima ambao hawakuwa na undugu nao wa damu, kwa Kiingereza, Kizulu, Kisotho, na Kiswahili cha wapishi na majirani wa Mazimbu.

Shule yenyewe iliitwa Solomon Mahlangu. Alikuwa mmoja wa vijana wa 1976, akarudi Afrika Kusini na silaha, akakamatwa mwaka 1977 na kunyongwa Aprili 6, 1979, akiwa na miaka 22. Tuitazame desturi ya milima iliyo juu ya Mazimbu, ambapo kijana hurithi jina la mzee. Hapa walimu na viongozi wenye mvi walirithi jina la kijana. Walilibeba hadi mwaka 1992, walipoikabidhi Mazimbu kwa Tanzania na kwenda kwao, wakiacha makaburi ya wenzao. Leo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kinafundisha hapo.

Chuo hicho chenyewe kilipata hadhi ya kuwa chuo kikuu mwaka 1984, na jina lake ni la waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, mkoani humu, Aprili 12 mwaka huo. Wataalamu wake walipanda Mgeta wakiwa na mbuzi wa maziwa wa asili ya Kinorwe. Mbuzi waliwafaa wazee. Anayeshindwa kubeba tenga la kabichi mgongoni hadi barabarani anaweza bado kukata majani, kukamua asubuhi, na kumpa mjukuu kikombe kabla hajaenda shule.

Viwanda vya mjini havikudumu kama mbuzi. Kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikitarajiwa kuuza hadi Ulaya, kilifungwa mwaka 1990 bila kufikia ndoto yake, na vingine vikafuata au kuuzwa. Wanaume waliokuwa wameacha jembe wakiamini watastaafu na kiinua mgongo walirudi kwa mama zao milimani wakiwa na miaka arobaini na kitu. Baadhi yao walirudi wagonjwa. Ukimwi uliingia Morogoro kwa njia zote zilizoufanya mji uwe mji, yaani reli, barabara kuu na vituo vya malori. Ukachukua kizazi cha kati, na bibi akabaki na wajukuu.

Watu wengi waliwaonea huruma bibi hao. Huruma ilistahili, lakini naona ilificha jambo. Hapahapa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake waliwafuata Wahadzabe kuanzia miaka ya 1980 wakipima nani analeta chakula kambini. Walikuta wanawake waliopita umri wa kuzaa wakichimba mizizi kwa saa nyingi kuliko wasichana wenye nguvu, na mama anaponyonyesha mtoto mpya, afya ya mtoto mkubwa ilifuatana na kazi ya bibi yake. Kutokana na hapo wakajenga hoja kwamba binadamu huishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa kwa sababu bibi walikuwa nguzo ya uhai wa wajukuu tangu zama za kale sana. Hoja hiyo bado inabishaniwa na wataalamu. Hata hivyo, inatufanya tumwone bibi wa Matombo anayelea mayatima wanne kama mtu anayefanya kazi ya kale kuliko zote, katika mazingira magumu kuliko alivyostahili.

Kule Marekani, mwanasaikolojia Erik Erikson alikuwa amesema mwaka 1950 kwamba mtu mzima asiyejishughulisha na kizazi kinachofuata hudumaa ndani. Aliiweka kazi hiyo katika umri wa kati, na uzee akauachia kutafakari yaliyopita. Mwaka 1986, akiwa na miaka 84, katika kitabu alichoandika na mkewe Joan na Helen Kivnick, alitambua kwamba kujali kunaendelea hadi uzeeni, hasa kwa babu na bibi. Mndewa wa karne ya kumi na tisa asingehitaji kusubiri hadi umri huo kulijua.

Lakini kujali kunahitaji vitendea kazi, na hapo ndipo nchi yetu inapojikwaa. Sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya watu milioni mbili na nusu wenye miaka sitini na zaidi. Wengi wao hawakuajiriwa kamwe katika kazi rasmi, kwa hiyo hawana pensheni. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwataja kuwa hazina ya taifa. Kutaja ni rahisi. Mjini Morogoro yapo makao ya wazee ya Fungafunga, ya wale wasio na pa kwenda, na ni jambo jema yapo. Hata hivyo mzee aliyetengwa na watoto wa mtaa hupewa chakula na kitanda, lakini hapewi mtu wa kumfunda. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mwenye miaka sabini shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka katika fedha zake yenyewe. Bara haijafanya hivyo. Na kama kuna mwenye wasiwasi kwamba fedha hizo zitapotea, Muleba mkoani Kagera lipo shirika la Kwa Wazee, lililoanza mwaka 2003 kuwapa pensheni ndogo wazee wanaolea wajukuu. Tathmini iliyotolewa mwaka 2008 ilipewa kichwa kilichotokana na matumizi yenyewe: chumvi, sabuni na viatu vya shule.

Nirudi milimani, kwa sababu suala la watoto gani sasa limefika mahali ambapo hakuna mndewa aliyewahi kupafikiria. Mito ya Uluguru huingia Ruvu, na Ruvu ndiyo huinywesha Dar es Salaam. Misitu ya kileleni, yenye ndege na mimea isiyopatikana kwingine kokote duniani, iliunganishwa mwaka 2008 kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Chini ya mpaka wa hifadhi wapo wakulima, na wengi wanaobaki kulima ni watu wazima, maana vijana wako Kariakoo na kwenye bodaboda. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji iisimamie ardhi kama mdhamini anayetunza mali ya wengine, na inabatilisha uamuzi wowote wa kimila unaomnyima mwanamke au mtoto haki yake. Baraza la ardhi la kijiji lina watu saba, watatu kati yao wanawake. Bibi ambaye zamani alifunda mwali gizani sasa anaweza kuketi barazani na kusuluhisha ugomvi wa mpaka.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yalifika kata ya Kibungo Juu, upande uleule wa mashariki ulioyakataa matuta, yakiwa na pendekezo la mkataba. Wanaotumia maji Dar es Salaam, yaani shirika la maji la jiji na kiwanda cha vinywaji, wangewalipa wakulima wanaozuia udongo usiingie mtoni. Mkulima angechagua mwenyewe: matuta ya ngazi, fanya juu (mtaro ambao udongo wake hurushwa upande wa juu), miti shambani, au kupumzisha mteremko. Malipo yalikuwa madogo, na walioyapata mwanzoni walikuwa wachache. Hata hivyo matuta yalichongwa, kwenye miteremko ileile, na watu wa koo zilezile. Aliyekuwa na miaka ishirini siku polisi walipofyatua risasi Matombo alikuwa na sabini na kitu mkataba ulipofika, na safari hii waliotaka ngazi walimwomba ruhusa, wakamweleza ni za watoto gani, wakaweka bei.